Kujifunza kukodi (kuandika programu za kompyuta) ukiwa Goma: santre, telefone, freeCodeCamp ao CS50? Avi yangu

Bandugu, naandika hii yote mara moja juu nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja kwenye WhatsApp. Niko na sekretaria ndogo ya saisi na fotokopi upande wa Katindo, na kukodi nilijifunza hapo hapo nyuma ya imprimante, kati ya kliya mmoja na mwingine, sasa vijana wakisikia hivyo wanakuja, gran nataka kujifunza programasio nianze wapi, santre gani iko bien, Python ao JavaScript, na kama sina mashini (kompyuta) telefone inaweza? Njia nyingi nimezipitia mwenyewe, zingine nimeona vijana wakizijaribu mbele yangu, kwa hiyo hii ni avi ya mtu mwenye analipa mega zake za intaneti, hakuna mtu amenituma.

Kwanza tuondoe ile ya lugha juu watu wanaigombania mpaka wanasahau kuanza. Python ilitoka 1991, ni ya Mholanzi mmoja, Guido van Rossum. JavaScript ni ya 1995, Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi tu kule Netscape na mpaka leo navigatere zote (kama Chrome) zinaitumia. Zote mbili ni wakubwa kuliko wengi wenye wananiuliza, zote mbili zinalisha watu, na vitu vya kujifunza mwanzo ni vile vile: variabli (jina lenye kubeba thamani), kondisio (kama hivi, fanya vile), lupu (kurudia), funksio (kipande cha kodi chenye jina). Ukiviweza kwenye moja, ya pili haikusumbui sana. Mimi nauliza mtu anaona kazi gani mbele yake. Kama anataka kutengenezea butiki na makanisa siti, aende JavaScript pamoja na HTML na CSS, zile za kujenga na kupamba ukurasa. Kama macho yake yako kwa ONG, Python, na hapa ngoja nieleze kidogo juu watu wa Goma wanapita pembeni ya hii kila siku.

Kila mtu hapa eko na ndugu mwenye alifanya anketi na KoboCollect, telefone mkononi, mlango kwa mlango. Data ikishuka kwenye Excel inakuja na "Ndosho", "Ndosho" yenye nafasi tupu nyuma, "Ndosso", "kwa Ndosho", na Excel inahesabu hizo kama sehemu tofauti tofauti. Nimeona mtu anasahihisha kwa mkono, mstari kwa mstari, usiku mzima, na anketi ya mwezi unaofuata ikija anaanza upya. Kwa Python unaandika mara moja orodha ya makosa na jina sahihi, strip, amri ya Python, inaondoa zile nafasi tupu, na faili ya kesho inapita mule mule. Si kazi ya fundi mkubwa hiyo, mwanzilishi mwenye amefanya bidii anaifikia, na hapa mjini kuna watu wengi wenye wanahitaji hiyo kazi kuliko wenye wanahitaji aplikasio mpya ya kuuza viatu.

Sasa njia zenyewe. Mimi napima kwa maswali mawili. La kwanza, hii njia inakulazimisha uandike kodi kwa vidole vyako tangu siku ya kwanza ao inakuacha uangalie? La pili, mega ikiisha ama umeme wa kashi pawa ukikata, unaendelea ao unalala? Njia yenye inaanguka kwenye yote mawili, ata kama profu anatoka Harvard, utaiacha katikati.

Nianze na santre za formasio juu ndiko watu wengi wanapeleka pesa. Ile yenye mimi nilipitia sitaitaja. Kwenye afishi waliandika Informatiki na Programasio, mule ndani ikawa Word, Excel, PowerPoint, tena Word, na programasio ikaja mwishoni kabisa wakati watu wanafikiria tu sherehe ya breve. Profu alikuwa anaandika kodi kwenye ubao, sisi tunakopi kwenye kaye. Kwenye kaye! Mashini moja watu watatu, mwenye kukaa mbele ya klavye njo alikuwa anajifunza, wale wawili wengine walikuwa wanajifunza mgongo wake. Breve nilipata, iko na mastempu matatu, iko mahali fulani kwenye droo.

Lakini sitaki kuwaonea. Santre nzuri inakupa kitu chenye intaneti haikupi: mtu mwenye anasimama nyuma yako na kusema, umesahau kufunga mabano pale mstari wa sita. Mwanzilishi anaweza kupoteza jioni nzima kwa mabano moja na kesho yake asirudi tena. Pia kuna jenereta ao panno, kuna mashini kama wewe huna, kuna wenzako wa kuulizana. Kwa hiyo kabla ya kulipa nenda pale saa ya kozi, si saa ya inskripsio, uhesabu mashini na vichwa. Uliza wakuonyeshe kitu chenye promo iliyopita walitengeneza, kikitembea, si picha yake. Uliza kama unaweza kubaki kwenye mashini kisha kozi. Na omba silabisi uiangalie: kama wanafundisha Visual Basic 6, hiyo ilitoka 1998 na Microsoft iliacha kuihudumia 2008. Kama wanasema Python na kwenye notsi zao unaona print "Bonjour" bila mabano yoyote, hiyo ni Python 2, ilifungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, utaandika vile kwenye mashini ya leo ikukatalie. Hauhitaji kujua kodi kwa kuona hiyo, unaangalia mabano tu, ata mzazi anaweza kuangalia mbele ya kutoa minervale.

Mwenye anaenda fakilte ya informatiki hiyo ni habari ingine, kule kuna hesabu, rezo, MERISE (namna ya kupanga data) na michoro yake, na diploma yenye waajiri wengi bado wanaiomba. Aende. Lakini asingoje profu wa programasio afike ndipo aanze kuandika, aanze sasa, juu kule pia kuna egzame za kodi kwenye karatasi.

Telefone. Hapa watu wananishangaa lakini mimi nasema ndiyo, unaweza kuanza kwenye telefone, na kwa kijana mwenye hana mashini ni njia yenye ninaipendekeza kabla ya santre. Kuna aplikasio inaitwa Pydroid 3, ya Android, unaipakua mara moja halafu Python inatembea ndani ya telefone yenyewe bila intaneti. Bila intaneti kabisa. Uko kwenye foleni ya maji, uko mlangoni unangoja umeme urudi, unaandika. Kwa swali langu la pili hakuna yenye inaishinda.

Egzersisi yangu ya kwanza kwa kila kijana ni ile ya kambiste: mashini iulize dola ngapi, itoe franka. Weka 2500 kama mfano wa to ya siku, yaani franka ngapi kwa dola moja. Wanaandika hivi:

dola = input("Dola ngapi? ")
print(dola * 2500)

Halafu wanaweka 20. Kijana mmoja wa Majengo alifanya hivyo mbele yangu na ekrani yote ikajaa 20202020202020 mpaka chini, akanirudishia telefone na mikono miwili, "Yaya, nimeiharibu?" Hajaharibu kitu. Python ilipokea ile 20 kama maandishi, si kama hesabu, na ukizidisha maandishi mara 2500 Python inayarudia mara 2500, imefanya kile alichoomba. Unaweka int(input("Dola ngapi? ")) na inakuwa 50000. Kisha mtu anaingiza 20.5 na inakataa juu int inataka namba nzima, unabadilisha inakuwa float. Kisha mtu anaandika "ishirini" na yote inaanguka, na hapo unaanza kujifunza namna ya kukamata makosa. Programu ya mistari miwili imefundisha aina za data, na hakuna videyo yenye ingefanya ile 2020 iingie kichwani vile ilimwingia yule kijana. Sasa hivi anajua, ata ukimwamsha usiku.

Ubaya wa telefone uko, siufichi. Klavye inakula nusu ya ekrani, ukifika mistari mia moja hauoni tena ulikotoka. Toleo la bure liko na piblisite. Na Python inasoma nafasi za mwanzo wa mstari, kawaida ni nafasi nne, sasa ukikopi kipande kutoka WhatsApp na kukibandika, tab na nafasi zinachanganyika na inakupigia kelele ya TabError ama IndentationError, na wewe kwa macho unaona mistari imelingana vizuri kabisa. Dawa: usibandike, andika. Inachosha vidole lakini inasaidia kichwa. Kwa wale wa HTML kwenye telefone kuna Acode, nyepesi, nayo inatembea bila koneksio, unaandika ukurasa na kuuona hapo hapo. Telefone naipa 4 kwa 5, kwa mwanzo. Kwa kazi ya kulipwa hapana, utaumwa na shingo.

Kuhusu zile aplikasio za kujibu maswali ya kuchagua kama Sololearn na wenzake, ni nzuri za kukumbusha, unakaa kwenye taksibisi unajibu tatu nne. Lakini kuchagua jibu kati ya manne haikufanyi uweze kuandika kwenye ukurasa mweupe. Mtu anakuja na siku nyingi za mfululizo na mabeji, unamwambia aandike lupu ya kuhesabu 1 mpaka 10, anaangalia juu.

freeCodeCamp sasa, hii nakaa nayo kidogo. Ilianzishwa 2014 na Quincy Larson, ni shirika lisilo la faida, na bure yao ni bure kweli: masomo bure, mazoezi bure, sertifika bure, hawakuombi karte ya benki mwisho. Unasoma kipande kidogo upande mmoja, unaandika upande mwingine, unabofya, inakupima. Juu ni maandishi zaidi kuliko videyo, haili mega sana, na hiyo peke yake inaipandisha mbele ya nyingi. Ule ukurasa wa kwanza wa picha za paka kila mtu mwenye alipita pale anaukumbuka. Kuna pia upande wa Kiswahili, si masomo yote yametafsiriwa lakini kwa mtu mwenye Kiingereza kinamkimbiza unaweza kuonja kabla ya kuamua.

Kasoro yake iko katika uzuri wake. Hatua ni ndogo mno, wanakuambia ongeza hii hapa, unaongeza, kijani, unaenda mbele, na ukifika hatua ya hamsini unajiona programere wakati ulikuwa unafuata tu maelekezo. Ukweli unaonekana kwenye proje: sertifika ya Responsive Web Design iliomba proje tano za kufanya peke yako, fomu ya anketi, ukurasa wa kumkumbuka mtu, ukurasa wa dokumentasio, ukurasa wa kuuza kitu, na potfolio yako. Pale njo vijana wanakwama, na pale njo wanajifunza. Ushauri wangu, usingoje kumaliza hatua zote. Ukifika nusu, funga, fungua faili tupu, jaribu kutengeneza ukurasa wa butiki ya mama yako na bei za kweli na namba ya M-Pesa. Utarudi kwenye masomo ukijua unatafuta nini.

Na kuhusu muda, juu kuna matangazo ya "kuwa programere kwa wiki sita": wenyewe freeCodeCamp kwenye mpangilio wao wa zamani walihesabu karibu masaa 300 kwa sertifika moja. Saa moja kila siku bila kukosa, ata siku ya Pasaka, ni miezi kumi. Sasa weka delestaji (umeme kukatwa) ndani, weka mtoto mgonjwa, weka siku zenye mji haujatulia. Sisemi kwa kuvunja mtu moyo, nasema ili mwenye amefika mwezi wa nne na bado hajui vizuri asifikiri ni bongo yake.

CS50 ya Harvard ni ile yenye watu wanaitaja kwa sauti kubwa. David Malan njo anaifundisha, tangu 2007, na kusema haki sijaona profu anaeleza vile. Somo la kwanza anachukua kitabu cha namba za simu, anatafuta jina, anakipasua katikati, anatupa nusu moja, anapasua tena. Kitabu cha kurasa 1,000 ukitafuta ukurasa kwa ukurasa unaweza kufika 1,000, ukipasua hivyo unafika kwa mara kumi hivi. Dakika chache tu na umeelewa algoritme (hatua za kutatua jambo) ni nini na kwa nini moja inakimbia kuliko ingine. Unaanza na Scratch, ile ya vipande vya rangi ya MIT, unacheka, unasema kumbe ni rahisi.

Halafu wiki inayofuata ni C. Na kicheko kinaisha. Kuna egzersisi ya kuchora piramidi ya Mario na alama za #, inaonekana ya kitoto, na nimeona watu wazima wakiipambania jioni nzima juu ya nafasi moja kila mstari. Inafundisha lupu ndani ya lupu kuliko kitu chochote, sikatai. Lakini baadaye memwari inafika, na pwenta (anwani za mahali data inakaa mule ndani), na pale wengi wanaaga. Masomo ni ya zaidi ya saa mbili moja moja, Kiingereza cha haraka, na mazoezi yanafanyiwa kwenye mashini yao ya mbali yenye inataka intaneti muda wote. Kwa swali langu la kwanza ni namba moja, mazoezi yake ni magumu na ya kweli. Kwa la pili inaanguka, isipokuwa ujipange: kuna watatu hapa wenye walikuwa wananunua forfe ya usiku, mmoja anapakua videyo, kesho zinatembea kwa fulashi, na mazoezi wanayaandika kwanza bila koneksio kisha wanaungana mara moja tu kuyatuma. Waliendelea juu walikuwa watatu, mmoja akichoka anawaonea haya wengine.

Kwa mwanzilishi wa peke yake mimi naweka mbele ndugu yake mdogo, CS50P, ile ya Python peke yake, ilitoka 2022. Profu ni yule yule, mazoezi mafupi, na unaweza kuyaandika kwenye mashini yako ama ata kwenye Pydroid kabla ya kutuma. Kisha hapo ndipo uende CS50 kubwa kama bado una njaa. Na jambo la pesa: kwenye edX, siti ya kozi, wanakuuzia sertifika iliyothibitishwa, kwa dola, lakini CS50 yenyewe inatoa yake ya bure ukimaliza kazi zote. Usilipe kwa haraka eti juu ya jina la Harvard, bosi wa hapa ataomba kuona ulichotengeneza.

Kwa wenye Kiingereza hakiingii, na hakuna aibu, tumesoma kwa Kifaransa tangu primere, kuna OpenClassrooms. Hiyo ilianza 1999 kama Site du Zéro, Mathieu Nebra aliianzisha akiwa na miaka 13 juu vitabu vya programasio vilimchosha kwa lugha ngumu, na ile roho ya kuanza kabisa kabisa kutoka sifuri bado inasikika kwenye kozi zake. Masomo yake ya Python na ya HTML yameandikwa, unayasoma kama kitabu, unaweza kuhifadhi ukurasa ukaendelea nyumbani. Ubaya ni kwamba unaweza kusoma sura nne tamu bila kuandika mstari ata mmoja, hakuna mtu wa kukukamata mkono, na parkuru zao kamili zenye diploma ni za kulipa, tena si bei ya mtu wa saisi na fotokopi. Soma zile za bure, na kila mfano uuandike. Pia dokumentasio rasmi ya Python iko kwa Kifaransa, na unaweza kupakua dokumentasio nzima na kuiweka kwenye mashini. Kitutoriyali cha mle ndani watu wanakipita wakifikiri ni cha mafundi, kumbe ni kizuri.

YouTube nitakuwa mfupi. Inakula mega kuliko zote, na kumwangalia mama akisonga bugari miaka kumi hakukufundishi kusonga. Tafuta videyo ukiwa na swali moja lenye umekwama nalo, pata jibu, funga.

Na ChatGPT, juu sasa kila mtu anasema kwa nini kujifunza wakati iko. Kuna kijana aliniletea programu safi ya kuhesabu faktira, iko na rangi na kila kitu, kliya akafurahi, akamwambia aongeze rabe (punguzo) ya asilimia 10 kwa wanaonunua zaidi ya vitu vitano. Hakujua aiweke wapi. Faili ni yake na hajui mlango uko wapi. Mimi ninaitumia, lakini namna hii: nabandika kosa na kuandika "nieleze hii kosa kwa Kiswahili, usinipe kodi". Inaeleza vizuri mara nyingi, mara ingine inadanganya kwa uhakika kabisa, na mwanzilishi hawezi kutofautisha, kwa hiyo kila jibu unalijaribu kwenye mashini mbele ya kuliamini. Mwezi wa kwanza afadhali uiache kabisa, ile kuchanganyikiwa kwako na makosa madogo ndiyo inakujengea macho.

Mwishoni mashini, juu siku moja utaihitaji. Ile ya okazio ya Birere inatosha, usidanganywe eti kukodi kunataka mashini ya milioni. RAM ya 4 GB inatembeza Python bila shida, 8 ikipatikana ni vizuri zaidi, na kama kuna SSD (diski ya haraka) chukua hiyo ata kama sura ya mashini imezeeka. Batri ijaribu wakiwa wamechomoa waya mbele yako, ngoja, piga stori na muuzaji. Na angalia klavye. Sisi wengi tuko na AZERTY, na videyo zote za Kiingereza wanabofya mabano kwa kidole kimoja wakati wewe hauyaoni: kwenye AZERTY ya Kifaransa unashika AltGr na 4 kwa kupata {, AltGr na 5 kwa [, AltGr na 3 kwa #. Kufunga ni AltGr na ile ya ) kwa ], AltGr na ile ya = kwa }. Andika kwenye kipande cha karatasi ubandike chini ya ekrani, watu wameacha Python juu ya kukosa # na wakaona aibu kuuliza. Zingine za okazio zinakuja QWERTY yenye stika za AZERTY juu yake, vua stika moja uone.

Ukishaipata usianze na VS Code, aplikasio ya kuandikia kodi, ni nzuri lakini vibutoni vyake vinamtisha mtu mpya. Weka Thonny, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya waanzilishi, ukiiweka inakuja na Python yake ndani, huna haja ya kuhangaika na mambo ya kuunganisha. Kitu chenye ninaipendea: unaweza kupeleka programu hatua kwa hatua na kuona kila variabli ina nini ndani wakati ule. Ile kambiste yetu, ungeona kwa macho yako dola ni '20' na alama za nukuu pembeni, si 20, kabla ekrani haijajaa. Haiombi intaneti ikishakuwa ndani.

Thonny ya Windows na ile dokumentasio ya Python ya Kifaransa niko nazo zote kwenye mashini ya hapa sekretaria, ni vitu vya bure na kugawa kunaruhusiwa, silipishi. Kujeni tu na fulashi, ila tafadhali isiwe ile ya cyber yenye virusi, wiki iliyopita mtu kanigeuzia faili zote za kliya kuwa njia za mkato.